Mama wa Nani

Hasira yangu kwa mama yangu imezeeka pamoja nami. Watoto wangu huniambia, "Mama, samehe, yeye ameshalala." Nimesamehe, kwani nani amesema sijasamehe? Lakini kusamehe ni kitu kimoja na hasira ni kitu kingine, na hii hasira ni yangu, nimeilisha mwenyewe tangu nilipokuwa msichana wa kuota chunusi. Anayeweza kukaa nayo akae. Asiyeweza, mlango uko wazi.

Tulikaa kwenye shamba la Kaburu mmoja nje ya Eldoret, upande wa kwenda Timboroa. Mji wenyewe tuliuita Sisibo, kwa sababu Wazungu walizoea kuutaja kwa namba ya shamba la zamani, sitini na nne, kwa Kiingereza, na ndimi zetu zikaishia hapo. Baba na mama walitoka magharibi, nchi ya ndizi na mawe makubwa, wakaja kutafuta kazi wakati kaka yangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilizaliwa kwenye laini. Laini ndizo zilikuwa nyumba zetu wafanyakazi, vibanda vya udongo vilivyopangwa mstari mmoja ili nyapara akisimama mwisho wa mstari aone milango yote. Baba alikuwa mkamuaji. Mama alichuma pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu, ambayo ukiyachuma kutwa nzima unapiga chafya mpaka unasahau ulichokuwa unasema.

Sasa jambo la kwanza mlijue. Kwenye laini mwanamke hakuwa na jina lake. Jina la ubatizo lilikuwa la mzee wa kanisa, na la nyapara siku ya kugawa posho. Sisi kwa sisi, mwanamke aliitwa kwa mtoto wake wa kwanza: Mama fulani. Mama yangu aliitwa kwa jina la kaka, na mimi nilipozaliwa hakuna kilichobadilika, maana mtoto wa pili hana jina la kumpa mama yake. Jina la kaka sitaliandika hapa, wala langu. Kila mahali nitakaposema waliita kwa jina la kaka, wewe weka neno Mama, halafu weka jina la mtoto unayempenda. Utanielewa haraka.

Na mama alikuwa mtu wa kuitika! Akiitwa kutoka ng'ambo ya mto, alijibu "Ee!" ndefu, ya kupanda, mpaka mbwa wanasimama. Watu walimwita hata bila shida yoyote, ili wamsikie tu. Alikuwa mnene kidogo, mcheshi, mwenye kutania wazee wa kanisa mpaka wanaficha meno kwa Biblia. Huyo ndiye mama niliyekuwa naye mpaka mvua za mwaka ule.

Kaka alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao msituni Timboroa. Gogo likaponyoka kwenye mnyororo, likamlalia. Barabara ilikuwa tope tupu, hakuna gari lililopita, na wenzake wakamzika hukohuko kando ya msitu, kwenye baridi ile. Habari zilitufikia baadaye na lori la mbao. Dereva alishuka akiwa ameshika koti la kaka, lile koti la kijeshi alilonunua kwa askari mmoja aliyerudi vitani, na kabla hajafungua mdomo mama alikuwa ameshaketi chini. Baba alifuatwa kuambiwa kwenye boma la ng'ombe akiwa anakamua. Alimaliza kukamua ndipo akaja. Hilo nalo lina hasira yake, lakini tuendelee.

Wanawake wa laini nzima walikuja kulia nasi, Waluhya, Wanandi, wote. Kwetu kulia si machozi tu, ni kazi, ina maneno yake. Unamwita marehemu kwa jina, unamwuliza amekuachia nani, unamgombeza, unamkumbusha siku aliyokuumiza tumboni. Mama alisimama katikati ya uwanja, koti kifuani, akaanza kumwita kaka. Hajafika mbali, nyapara huyo, kofia mkononi, ametumwa na mke wa Kaburu.

"Memsabu anasema hizo kelele ziishe," alisema. "Mtoto wake amelala."

Mama alinyamaza katikati ya jina. Nusu ilikuwa imetoka, nusu akaimeza. Na wale wanawake wote, Mungu anisamehe, walifunga midomo kama watoto wa shule. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo, nikangoja mtu mmoja tu aseme kitu. Baba alitazama viatu vya nyapara. Watu wakatawanyika taratibu, wakisema pole, pole, kwa sauti ya kwenye wodi ya wagonjwa.

Wamama wakubwa walisema tuzike shina la mgomba mahali pa mwili, kama watu wa kwetu wafanyavyo mtu akipotelea mbali. Mzee wa kanisa akakataa, ati huo ni ushenzi, Mkristo haziki mgomba. Sawa, na mgomba wenyewe ungetoka wapi kwenye umande ule wa barafu? Kwa hiyo hatukuzika kitu. Mama aliingia ndani, akavaa koti la kaka, akalala akielekea ukutani.

Siku hizi wajukuu wangu wana jina la ugonjwa ule, na dawa yake, na daktari wa kukusikiliza. Wakati huo tulisema tu, ana mawazo. Mtu akiulizwa mama yuko wapi, anajibiwa, yuko ndani, ana mawazo. Kana kwamba mawazo ni wageni waliomtembelea na wataondoka wakishiba. Mama hakuoga. Hakusuka mkeka, hakupika, hakuimba. Uji ukiwekwa mbele yake ulishika utando mpaka inzi wanautembelea. Macho yalikuwa wazi, lakini ukisimama mbele yake aliangalia kitu kilicho nyuma yako. Mwanzoni niligeuka kutazama ni nini. Halafu nikaacha.

Kila mlango wa laini ulitakiwa utoe mchumaji, mlango usiotoa unahamishwa, ndiyo ilikuwa sheria ya Kaburu. Basi nikaingia mimi. Nilikuwa nimeanza kusoma kwenye shule ya kanisa, nilikuwa naweza kusoma Zaburi bila kufuata kwa kidole, nikaacha. Nilijifunga kikapu cha mama kiunoni, nikashika mistari yake ya pareto, na vidole vikakauka kama vyake. Nyapara akipita alisema, "Huyu ndiye mama yake mtupu." Alidhani ananisifu.

Jioni narudi, nimechoka, naukuta moto umezimika na mtungi mkavu. Na yeye palepale, mgongo kwangu.

"Mama, hata maji tu?"

Siku moja nilipiga sufuria ukutani mpaka udongo ukamwagika kitandani. Nilitaka aruke, anipige, anitukane, kitu chochote. Aliinua kichwa kidogo.

"Kelele," alisema.

Neno lilelile la memsabu! Nikamwuliza, "Kwani ni mtoto gani amelala humu?" Nilitoka nje nikachochea moto na kuni mbichi makusudi ili moshi uingie ndani, na ukaingia, na hata kukohoa hakukohoa.

Mwezi huohuo nikavunja ungo. Mnajua maana yake kwa msichana, kuona damu na kutojua kama unakufa. Nilikwenda kwa mama, nikamwonyesha nguo. Aliitazama, naapa aliitazama, halafu akageukia ukuta. Aliyenifundisha kukunja kitambaa, na namna ya kukifua na mahali pa kukianika wanaume wasione, ni jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa kabila la pale milimani, ambaye mdomo wake na huruma yake vilikuwa na ukubwa sawa. "Wewe sasa ni mtu mzima," aliniambia. Nikamjibu, "Nimekuwa mtu mzima tangu mvua." Alicheka, halafu akanikumbatia. Nilinuka maziwa ya ng'ombe wake siku nzima, na nilikuwa na furaha, na hasira yangu kwa mama ikaongezeka kwa sababu ya furaha hiyo.

Sasa tufike kwenye jina. Ni jirani huyohuyo aliyelianzisha, kwa wema mtupu. Aliwaambia wenzake, huyu mama kila tukimwita tunamchoma kidonda. Tukisema Mama na jina la marehemu, tunamkumbusha. Tumwonee huruma. Ana mtoto mwingine, tumwite kwa huyo. Wote wakakubali, wakaambiana kisimani na shambani, na jina la kaka likafutika kwenye laini kwa siku chache, kama jina la mtu aliyeiba.

Mimi sikujua. Nilikuwa nimembeba mama nusu na kumkokota nusu mpaka mtoni ili nimwoshe, maana kanisani nilikuwa naona aibu kukaa na harufu ya lile koti iliyonishika nguoni. Tukiwa pale, yeye ameketi juu ya jiwe, mimi nasugua miguu yake, jirani akatokea juu ya kilima na mtungi. Akaita, "Mama," halafu akaweka jina langu.

Aki nawaambia ukweli, moyo uliruka. Sikuwahi kusikia jina langu likikaa pale. Kwa dakika ile nilisahau kaka, nilisahau pareto, nikajiona nimekuwa mtu. Niliacha kusugua. Nilimtazama mama usoni nikingoja ile "Ee".

Jirani akaita tena, kwa jina langu, kwa sauti ya upole.

Mama akasema, bila kugeuka, "Mwambie huyo, anayetafutwa sio mimi."

Alisema na mimi. Nimeshika mguu wake, sabuni mikononi, na ananituma mimi nikaseme kwamba yeye si mama yangu! Niliuachia mguu ukaanguka majini. Nilipanda kile kilima peke yangu, nikampita jirani bila salamu, na nadhani mama alirudi nyumbani akiongozwa na yeye, sikuuliza. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mama yangu alikuwa na mwana, anamsugua miguu, na bado alieleka jiwe.

Kuanzia hapo tulikuwa maadui ndani ya kibanda kimoja. Nilipika na kuweka chakula chake sakafuni badala ya kumpa mkononi. Nikiongea naye nilimtazama baba. Baba alisema, "Mwache mama yako," na mimi nikamwambia, "Nimemwacha, kwani huoni?" Alinyanyua mkono anipige, ukabaki hewani, akaushusha akaenda zake kwa ng'ombe. Ng'ombe ndio walioongea naye wakati ule. Na mama alinipita kwa macho kama mtu anavyopita kisiki njiani. Lile neno la mtoni sikumwambia mtu. Lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila mara wanawake walipomwita kwa jina langu, na yeye akakaa kimya, lilizama zaidi. Kila siku walimwita. Kila siku, mbele ya laini nzima, alinikana. Na wao hawakuona, walidhani ni mawazo tu.

Nilitaka kitu kimoja tu maishani wakati ule. Sikutaka shule wala nguo. Nilitaka aitike.

Jumapili moja baada ya ibada, wanawake wa kanisa walikuja kumwombea. Walisimama mlangoni na vitambaa vyao vyeupe, wakaimba wimbo wa Kuja kwa Bwana wakiwa wameupunguza sauti, maana nyumba ya Kaburu haikuwa mbali. Halafu wakamwita atoke. Mzee wa kanisa naye alikuwepo, amekunja mikono. "Mama," wakasema, na jina langu. Kimya. "Mama," na jina langu tena, kwa kubembeleza, kama unavyomwita kuku unayetaka kumchinja. Wengine waliniangalia kwa huruma. Ile huruma! Nilikuwa nimesimama katikati yao nimeinama kwa aibu, na kitu kikakatika.

Nilisukuma mlango, nikaingia. Alikuwa amelala, uso ukutani, ndani ya koti. Nilitaka kumuumiza. Nasema wazi, nilitaka nimchome pale ambapo watu wote walikwepa, ajue na mimi nina mkuki. Nikasimama juu yake, nikavuta pumzi, nikaita. Mama, halafu jina la kaka. Jina lote, kwa sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto.

"Ee!" alisema mama.

Ilikuwa ileile. Ndefu, ya kupanda. Ilimtoka kabla hajajua. Aligeuka, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu mvua macho yake yalifika usoni mwangu yakasimama hapo.

"Nani ananiita?" aliuliza.

Alijiinua, akashika ukuta, akatoka nje kwenye jua na koti lake chafu na nywele zake zilizoshikana, na wale wanawake wakarudi nyuma.

"Nani ameniita?" akauliza tena. "Mtu ameniita kwa jina langu. Tangu mvua hakuna aliyeniita. Mnapita hapa mnamwita mtu mwingine, mnamwita mtu mwingine, nalala humo ndani nasema, kumbe mimi nilizikwa naye Timboroa na sikuambiwa."

Jirani akaanza kusema, "Tulikuhurumia, dada, tulisema tusikukumbushe."

"Mnikumbushe?" mama akapiga kelele. "Mnikumbushe! Kwani nimesahau?"

Na hapo akaanza. Alianza pale alipokatizwa, kwenye ile nusu ya jina aliyoimeza, naapa kwa haki ya Mungu, akaitapika ile nusu kwanza, ndipo akarudi mwanzo. Alimwita kaka kwa jina, akamwuliza kwa nini hakuruka gogo lilipokuja na yeye alikuwa na miguu mirefu hivyo. Akamgombeza kwa kwenda kufanya kazi kwenye baridi bila soksi. Wanawake wakaanza kumfuata, mmoja, halafu wote, sasa bila kupunguza sauti, na mzee wa kanisa akavua miwani yake akaanza kuifuta na kuifuta. Mimi sikulia. Nilisimama mlangoni.

Ndipo nikamwona nyapara anakuja kwa haraka na ile kofia yake.

Mbele ya mlango wa jirani palikuwa na mchi wa kutwangia mahindi. Nikauchukua. Sijui nilifikiri nitafanya nini nao, ulikuwa mrefu kuliko mimi. Nikaenda kumkuta njiani.

"Memsabu anasema," akaanza.

"Mwambie memsabu amwamshe mtoto wake," nilimwambia. "Mwambie amekwisha kulala vya kutosha."

Nyapara alikuwa mtu wa kwetu, alijua kilio ni nini. Alitazama mchi, akatazama nyuma yangu kule uwanjani, akavaa kofia yake akarudi alikotoka. Kitu alichokwenda kumwambia memsabu sijui. Ninachojua ni kwamba mama alilia mpaka jua likaelekea kuchwa, na kesho yake asubuhi Kaburu alimwambia baba kwamba mwisho wa kuchuma pareto tutafute pengine pa kukaa. Mfanyakazi mwenye binti wa kumtishia nyapara hamhitaji. Baba hakunilaumu. Alisema tu, "Mchi ule ulikuwa wa jirani, umerudisha?"

Sasa hapa watu hufurahi. Nikisimulia mpaka hapa wananishika mkono, wanasema, basi ulimponya mama yako. Ngojeni kwanza.

Ni kweli mama aliamka. Alioga mwenyewe, akanyolewa, akakubali kulivua koti, tukalifua mimi na yeye, kila mtu ameshika upande wake tukilikamua. Alipika. Baada ya wiki alirudi kwenye mistari yake ya pareto na mimi nikawa mchumaji wa pembeni. Na wanawake wote, kwa aibu, wakarudi kumwita kwa jina la kaka, asubuhi na jioni, wakizidisha. Na yeye akaitika kila mara, "Ee!" Jina langu likaondoka mahali pale kama mgeni aliyekaa kiti cha mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza. Mimi ndiye niliyefungua ule mlango, na aliyeingia ni kaka!

Na lile neno la mtoni hakulirudia wala hakulifuta. Alikuwa mpole kwangu sasa, alinipa nyama ya shingo, alinisuka. Lakini mtu anaweza kukusuka akiwa mbali. Tulihamia Sisibo, kwenye nyumba za Waafrika karibu na mto, baba akapata kazi ya kubeba magunia stesheni. Majirani wapya walipokuja kumjua walimwuliza, kama kawaida, "Wewe ni mama nani?" Alitaja jina la kaka. "Na yuko wapi?" "Yuko Timboroa," alijibu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayengoja barua. Na mimi nimesimama pale na debe la maji kichwani, maji yananidondokea shingoni. Hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Labda walidhani ni mtumishi.

Niliolewa mapema, nawaambia bila kuficha, ili nitoke katika nyumba ile. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa, mtu wa taratibu, na tulikaa kwa wazazi wake kwenye shamba lao dogo. Nilipojifungua mtoto wa kiume, mama alitumiwa habari, akaja kumwogesha mjukuu, kama desturi.

Na kila mtu alijua jina litakalotolewa. Kwetu wafu hurudi kwa majina. Mtoto akilia bila kukoma, wazee huita majina ya marehemu, moja moja, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Mtoto wangu alilia. Lo, alikuwa na mapafu! Mama mkwe akasema, huyu anamtaka mjomba wake, hata kuita hakuna haja. Mimi nilikuwa kitandani nimeuma meno. Nilikuwa nimeshaapa. Jina lile likiingia kwa mwanangu, mimi nitaitwa nini? Nitaitwa Mama na jina la kaka. Nitaitwa jina lilelile aliloitwa yeye, na nitakufa nalo, na jina langu litakuwa limezikwa mara ya pili. Sitaki! Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nangoja tu mama afungue mdomo alitaje.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amempakata mtoto juu ya miguu yake iliyonyooshwa, beseni pembeni, anamwagia maji ya uvuguvugu kwa kiganja. Akasema bila kunitazama, "Mtafutie jina lake."

Mama mkwe akashangaa. "Na la mjomba wake?"

"Lile lina mwenyewe," mama alisema. "Huyu ni mtoto wa binti yangu. Atapewa lake."

Maneno yangu makali yote yakanibaki mdomoni, sina pa kuyaweka. Nilimkasirikia hata kwa hilo. Miaka yote nimenoa kisu, na yeye anakuja na mikono mitupu.

Sasa kwenye nyumba ile kaka walimsikia tu, hakuna aliyemjua akiwa hai. Kwa wakwe, mama wa mke huitwa kwa jina la mke, nani angejua vingine? Wifi yangu alikuwa jikoni anachemsha maji mengine. Akaita kutoka kule, "Mama!" na akaweka jina langu. "Maji haya yamechemka, nilete?"

Nilishika blanketi. Nilikuwa nimerudi mtoni, sabuni mikononi. Nilijua anachokwenda kusema, na nilijua kwamba akisema mbele ya mama mkwe wangu, mbele ya mtoto wangu, kwamba anayetafutwa sio yeye, nitashuka kitandani hivyohivyo na damu yangu nimfukuze.

"Ee!" aliitika mama. Ndefu, ya kupanda. "Lete, mwanangu, lakini changanya na baridi."

Akaendelea kumsugua mtoto nyuma ya masikio.

Nikaanza kulia. Nililia kwa hasira, msinielewe vibaya. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Neno dogo kama hilo, halina hata herufi tatu, na alininyima mtoni, na shambani, na Sisibo mbele ya majirani, ujana wangu wote, halafu anampa wifi yangu kwa sababu ya birika la maji. Nilitaka kumrushia kitu.

"Unalia nini?" aliniuliza. "Tumbo?"

"Umeitika," nilimwambia.

Alinitazama. Mtoto alikuwa amenyamaza.

"Nimeitwa," alisema. "Nisiitike?"

Halafu akamfunga mtoto kwenye kitambaa, akaniletea nimnyonyeshe.